Siku ya Mkanda

Nianze na aibu yenyewe kabla hamjaisikia kwa watu wengine, maana nusu ya Kariakoo wanayo tayari: mimi, mratibu wa usalama na afya wa jengo la ghorofa, mtu wa kizibao cha kung'aa na kofia nyeupe, nilikosa siku muhimu kuliko zote za mafunzo yangu kwa sababu nilidhani tunakwenda kuonyeshwa filamu.

Msicheke kwanza. Mkufunzi wetu, kule ukumbini Upanga, alifunga kipindi kwa kusema, "Kesho ni siku ya mkanda, asikose mtu." Sasa mimi nimekulia Ilala, na kwetu ukitaja mkanda watu wanavuta viti (mkanda wa kihindi, mkanda wa ngumi, mkanda wa mizimu), nikajua tunakwenda kuwekewa picha za wazungu wanaoanguka kwenye ngazi, halafu asubuhi ikaamka na mvua, na mimi na kitanda changu tunaelewana kuliko ndugu, basi nikampigia Hamisi, mwenzangu wa kozi, nikamwambia, "Wakiita jina langu niitikie." Akaitikia. Tena kwa sauti nzito kuliko yangu. Cheti nikapewa kama wengine, kina muhuri na jina langu kwa madoido, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba mwenye jina alikuwa chini ya shuka.

Kwa cheti hicho nikapata kazi. Foremani Massawe alikuwa anajenga ghorofa nyuma ya maduka ya vitenge, na jengo kama lile linatakiwa liwe na mtu aliyesomea usalama, kwa hiyo alinihitaji haraka kuliko alivyohitaji saruji. Hakuniuliza swali hata moja, alitazama muhuri tu. Nikawa napita asubuhi mikono nyuma, "Vaa kofia wewe! Nani kaacha msumari hapa?", na mafundi wananiita bosi, na mimi (bila haya kabisa) naitika.

Ndipo akaja mkaguzi. Mama mmoja mpole, buti zina tope, mtu wa maneno machache. Akatazama juu kwenye majukwaa, akasema hakuna anayepanda kupiga plasta nje mpaka aone watu wanafungwa sawasawa, la sivyo kazi anaisimamisha. Massawe akatabasamu. "Mratibu tunaye, mama. Huyu kasoma."

Wakaleta mkanda. Jamani. Kumbe mkanda ni ule wa kumshika mtu asianguke! Nikauona kwa mara ya kwanza maishani, rundo la kamba pana na vyuma, kama pweza aliyekufa kwa mawazo. Hapo ndipo ningesema "sijui" yakaisha salama. Badala yake nikaita kwa sauti ya kibosi, "Shabani, njoo nikuvalishe!"

Shabani ni mpiga plasta, baba wa watoto wawili, na ni mtoto wa jirani yangu Bi Mwajuma, tunapanga nyumba moja. Akaja kanyoosha mikono kama anayepimwa suti, ananiamini kabisa. Mkaguzi akamzuia, akanigeukia mimi.

"Jivalishe wewe kwanza. Halafu wakunyanyue kidogo na winchi, tuone."

Nikajivalisha. Penye mabega nikapitisha miguu, pa miguu nikapitisha mikono, kile chuma cha mgongoni kikaja kukaa chini ya makalio, nikaona mbona inabana vizuri tu. Winchi ikavuta. Miguu ikaenda juu, kichwa kikaja chini, shati likanifunika uso, suruali ikapasuka katikati, na bukta yangu ya mitumba ya Mchikichini, ambayo siku hiyo sikuitegemea kuonana na mtu, ikaonana na mtaa mzima, kwa sababu geti la mabati lilikuwa wazi kupisha lori.

"Oyaa, njooni muone popo!"

"Bosi, vaa kofia!" (huyo fundi wetu mwenyewe.)

Wamachinga wakaacha biashara. Bi Mwajuma, anayeuza vitenge ng'ambo ya barabara, akaja na futi ya kupimia bado iko shingoni. Na mkaguzi akainama mpaka uso wake ukawa mbele ya wangu, akauliza taratibu, "Mafunzo ya mkanda ulihudhuria?"

Damu yote iko kichwani, uongo hautoki. Nikasema, "Alihudhuria Hamisi."

Massawe akashika kichwa. Kazi ikasimamishwa palepale, mafundi wakarudi nyumbani mapema bila kitu, na kizibao nikakivua mbele yao. Niliambiwa nisionekane kwenye jengo lolote mpaka nisome upya, kozi nzima, kwa miguu yangu mwenyewe. Nitasoma. Na nimeapa, sitaitikiwa tena na mtu, hata msibani kwangu.

Jioni uani wapangaji wote walikuwa wanacheka, anayeigiza popo yupo, anayeigiza winchi yupo. Bi Mwajuma peke yake alikuwa kando, anachambua mchele. Nikamwamkia shikamoo, nikamwambia mama, leo nimeaibika. Hakuinua macho.

"Marahaba. Bora ulivyoning'inia wewe, Zuberi. Ungemvalisha Shabani wangu vile ukampandisha juu, saa hizi hapa uani tungekuwa tumefunga turubai, na wewe ungekuja kula pilau."