Mstari wa Kwanza Kichwani

Sogea karibu, wewe unayenisikiliza, nikueleze jambo ambalo kwa muda mrefu nililisema nikiwa nimeinamisha macho. Nitakwenda polepole. Kama nawe kichwa chako kimeanza kukuangusha mbele za watu, huenda ukajikuta humu.

Miaka ile ya elfu mbili nilikuwa msusi Kenyatta Market. Kama hujawahi kusukwa pale, ujue kwamba mteja hasukwi na mtu mmoja. Akikaa tu, wasusi watatu au wanne wanamzunguka na kusuka kichwa kimoja kwa pamoja. Ila kichwa kina kiongozi. Anayeshika kitana na kuchora mstari wa kwanza ndiye anayeamua laini, yaani mistari ya nywele, zielekee wapi, na wenzake wanamfuata bila kuuliza, kwa sababu kumuuliza mbele ya mteja ni kumvunjia heshima. Katika kibanda chetu kiongozi nilikuwa mimi. Sikuwa na cheo kingine chochote, na hicho nilikipenda.

Ndipo jicho langu moja likaanza kuona ukungu, na nyayo zikaingia ganzi. Baada ya vipimo vingi daktari aliniambia ni ugonjwa uitwao MS. Alinieleza hivi: mishipa ya fahamu imefunikwa na ganda, kama waya wa stima ulivyofunikwa na plastiki, na mwili wangu ulikuwa ukilishambulia ganda hilo, kwa hiyo ujumbe ulichelewa njiani. Habari za jicho na miguu niliwaambia wenzangu. Habari za kichwa sikumwambia mtu. Naingia nyuma ya kibanda kuchukua nywele za bandia, nasimama pale nisijue nimefuata nini. Mteja ananieleza anavyotaka, maneno yanapita kama maji kwenye chujio. Nilijifunza kuficha. Nilicheka sana, niliongea bila kupumzika, nikasingizia kelele za draya, ile mashine ya kukaushia nywele.

Alikuja bibi harusi mmoja na shangazi yake. Upande wa pili wa ukuta wetu palikuwa na wachoma nyama, na adhuhuri ile joto la makaa lilikuwa limepita hadi kwetu. Redio ilikuwa juu. Bibi harusi alinieleza kwa mikono: laini zote zipande, zikutane utosini, shela lipate mahali pa kushika.

“Nimekupata, mrembo,” nilisema. Sikuwa nimempata.

Nikachora mstari wa kwanza kutoka kwenye paji la uso kwenda chini kisogoni. Wenzangu watatu walikuwa wamesikia alichosema, lakini waliona kitana changu wakadhani nimekubaliana naye vingine. Wakanifuata. Kosa langu likasukwa na mikono minane.

Alipopewa kioo alijipapasa utosini. “Auntie, hii si ile nilisema,” aliniambia.

Niliinuka nimwangalie vizuri. Mguu ukakataa, nikayumba, nikashika bega la mteja.

“Huyu amekunywa,” shangazi alisema. Hakupaza sauti, lakini kibanda kizima kilisikia.

“Huyu?” Rafiki yangu, aliyekuwa akisuka upande wa kushoto, alicheka kidogo. “Huyu hata soda inamshinda, mama. Ni miguu inamsumbua.”

“Na masikio pia ni miguu?”

Wenzangu wote watatu walimfumua, wakaanza upya, na mstari wa kwanza ukachorwa na rafiki yangu. Mimi nilikaa kwenye kreti nikiokota nywele zilizoanguka.

Hakuna aliyeniondolea uongozi. Niliuacha mwenyewe. Kesho yake nilisema nitakuwa naosha na kufumua tu, na kitana nikakiweka kwenye ndoo ya vifaa ya rafiki yangu.

Daktari alinituma kwa mshauri wa saikolojia, mwanamke mpole aliyekuwa na ofisi ghorofani katikati ya jiji. Nilimsimulia yaliyotokea kwa bibi harusi, naye akanipa majaribio: kukumbuka maneno, kupanga picha, kuhesabu kurudi nyuma. Akaniambia nimefanya vizuri, kama mtu mwingine yeyote wa umri wangu.

Nililia, na hakikuwa kilio cha furaha. Kama kichwa ni kizima, basi mimi ni mvivu tu. Sikuwa hata na ugonjwa wa kujitetea nao.

“Sijasema unajifanya,” alisema. “Majaribio haya nimekupa kwenye chumba kimya, asubuhi, umepumzika. Wewe unasuka kwenye chumba kimya?”

“Hapana.”

“Bibi harusi alipokuwa akiongea, ulikuwa ukifikiria nini?”

Jibu liliniaibisha. “Nilikuwa nikiomba asijue kwamba simfuati.”

“Basi ulikuwa na kazi mbili, kumsikiliza na kulinda siri. Ya pili ndiyo iliyokula nguvu, na joto na uchovu vikala iliyobaki.”

Hakunipa dawa. Nilirudi kwake mara kadhaa, tukazungumza, na kila mara alinituma na jambo dogo la kufanya. Nipumzike kabla ya kusuka kichwa kigumu, nisingoje kuchoka. Nikae mbali na ukuta wa makaa, kitambaa cha maji shingoni. Redio izimwe mteja anapoeleza. Na jambo lililonichukua muda kuliko yote: nimwambie mtu mmoja pale kibandani.

Nilimwambia rafiki yangu tukinywa chai. Alikoroga kikombe kilichokwisha kukorogwa.

“Kumbe,” alisema. “Sisi tulijua unatudharau. Mtu anakuambia kitu, wewe unacheka, unaenda.”

Aibu ile ya pili sikuitarajia. Nilikuwa nimeficha kichwa changu, watu wakaona kiburi. Alirudisha kitana mapajani mwangu.

Mteja wa kwanza niliyemshika tena alikuwa mama mmoja wa Dagoretti, aliyekuwa akijiandaa kupokea wageni wa posa ya bintiye. Nilizima redio. Uso ulikuwa ukiniwaka, na sauti ilitoka nyembamba.

“Mama, niambie polepole. Halafu nitarudia nilivyosikia, unisahihishe. Kichwa changu husahau.”

“Haya, leo tunafungishwa ndoa,” msusi mmoja alisema. “Rudia baada yangu, kama kwa mchungaji.” Walicheka wote, na mimi nilitamani sakafu inimeze. Mama alieleza, nami nikarudia hivyo hivyo: laini nyembamba, zianzie kulia, upande wa kushoto uachwe wazi.

“La, la,” mama alisema. “Kushoto ndiko ufunike, mwanangu. Hapo nina kovu. Uache wazi kulia.”

Kicheko kikakatika. Nikarudia tena, safari hii sawasawa, ndipo nikachora mstari wa kwanza, na wenzangu wakanifuata.

Nisikudanganye kwamba aibu iliondoka siku ile. Hata sasa nikianza kurudia maneno ya mtu mbele ya wengine, masikio yanapata moto. Lakini mama yule aliondoka na kovu lake limefunikwa.

Kwa hiyo fanya hivi. Kabla ya kazi yako inayofuata, zima redio, kaa mahali penye hewa, mwombe aliye mbele yako aseme anachotaka, uyarudie maneno yake kwa sauti hadi akubali. Kisha anza.