Firigisi Ambayo Kitabu Hakikuitaja

Sogea karibu, msomaji, nikueleze polepole, maana ukilisikia jambo hili haraka utadhani ni mzaha. Jana jirani alikuwa akibabua kuku juu ya moto. Harufu ya manyoya yanayoungua iliniingilia dirishani nikiwa nasahihisha kazi za wanafunzi, na mara nikajiona tena darasa la nne, katika shule yetu iliyozungukwa na miwa upande wa Ekero, nimesimama mbele ya Mwalimu Andayi, naye amechoka nami kabisa.

Nilikuwa nimekwisha kurudia darasa hilo mara moja. Mdogo wangu Electine alikuwa la tatu, ananijia mbio. Mwalimu alikuwa ametangaza kwamba asiyeweza kusoma hadithi na kujibu maswali yake hapandi la tano. Maana yake, mwaka uliofuata ningekaa darasa moja na Electine, na Electine hakuwa mtu wa kunyamaza. Tayari jikoni alikuwa ameanza kuniwekea nafasi: "Metrine, utakaa karibu na mimi, sawa?"

Hadithi yenyewe ilikuwa fupi. Mgeni anafika, mama anachinja kuku, watu wanakula. Niliisoma kwa sauti bila kukwama. Kisha Mwalimu akauliza, "Kwa nini mama alifurahi?"

Nikashindwa. Maneno niliyaelewa yote, lakini kuna kitu kilikuwa kinanikera tangu kuku alipopakuliwa.

"Mwalimu, firigisi amepewa nani?"

Nikueleze. Kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba, au ya mgeni anayeheshimiwa. Kuku akiletwa mezani bila firigisi ni kama hakuchinjwa kwa ajili yako. Kila mtoto darasani alilijua hilo kabla hajajua kuandika jina lake. Mwandishi wa kitabu, sijui alizaliwa wapi, aligawa mapaja na mabawa, akaendelea na hadithi yake kana kwamba hakuna kilichoharibika.

"Imeandikwa wapi hiyo firigisi?" Mwalimu akauliza.

"Haijaandikwa, Mwalimu. Ndiyo nauliza."

"Hata mimi nimeshangaa," Wycliffe akadakia kutoka nyuma. "Huyo mgeni amedharauliwa!"

"Mama ameificha!" mwingine akapokea.

"Arudishwe kwao akaitafute!"

Mwalimu alipiga meza kwa kiganja. Akarudia swali. Nami, Mungu anisamehe, nikarudia langu. Akavua miwani, akajifuta uso wote kwa leso ya mfukoni.

"Metrine, mama, unataka nikufanyie nini? Swali ni la furaha. Furaha! Mimi na firigisi tumekutana wapi?"

Darasa likaangua kicheko. Mimi machozi yalikuwa karibu, na hasira pia. Kalamu nyekundu ilikuwa mkononi mwake tayari. Aliitazama, akaiweka chini.

"Haya. Kwenu nani anakulanga firigisi?"

"Hakuna."

"Hakuna vipi?"

"Baba alienda kutafuta kazi, hajarudi. Mama akipika kuku, anaiwekanga kwa bakuli, anafunika. Tukiomba anakataa. Asubuhi imekauka, anapea paka."

Wycliffe akainamia kitabu chake.

Mwalimu alikohoa kidogo. "Rudi pale mgeni anapobisha hodi. Soma."

Nikasoma. Mama wa hadithi alijifuta mikono kwenye leso, akacheka kabla hata hajafungua mlango. Mara ya kwanza nilikuwa nimeipita sentensi hiyo bila kuiona, nikikimbilia kuku. Sasa niliiona mikono yenyewe, ikiwa na majivu.

"Kwa nini amefurahi?"

"Kwa sababu leo kuna mtu wa kupikiwa."

Aliangalia majibu yaliyo nyuma ya kitabu chake. Akashusha pumzi ndefu. "Hapa wanasema ni kwa sababu mgeni alileta zawadi." Akarudi kwenye ukurasa, akausoma kimya, midomo ikicheza. "Lakini zawadi bado hajazitoa, na mama ameshacheka. Kaa chini. Utapanda. Na firigisi isisikike tena humu mpaka tufunge shule!"

Kwa miaka mingi niliamini alinihurumia kwa sababu ya baba. Tena nilimwona mama mchoyo, anayethamini paka kuliko sisi. Ilinibidi nikue ndipo nielewe kwamba bakuli lile lilikuwa njia yake ya kusema baba bado ni wa nyumba ile. Na ilinibidi nishike chaki mwenyewe ndipo nielewe kwamba Mwalimu hakunihurumia. Aliniacha niende nyumbani kimawazo kwa dakika moja, kisha akanirudisha kwenye ukurasa, na jibu nikalitoa pale pale.

Usifikiri ni rahisi. Wanafunzi wangu wananichosha hivyo hivyo. Juzi tulisoma hadithi ya mvua, kipindi kizima kikaishia kwenye mabishano kuhusu bati la nani linavuja zaidi. Nilitamani kupiga kelele. Nilipiga, kusema kweli.

Kwa hiyo, mtoto akikwama kwenye jambo ambalo hadithi haikulitaja, usimkatize. Muulize kwao hufanywaje, umsikilize mpaka amalize, halafu mwambie asome tena aya ile ile kwa sauti.