Krimu Nisiyoipaka

Mimi ni mtu wa maneno, kila aliyekaa nami Msambweni anajua. Mwenye duka akinipunja sukari, mtaa mzima husikia. Lakini kuna siku moja nilitakiwa kusema "la," nikasema "ndiyo," na ndiyo hiyo haijanitoka rohoni hadi leo.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya Uhuru. Nilikuwa bi arusi mbichi, fungate imekwisha juzi. Kabla ya arusi, somo yangu, yaani bibi aliyenifunda, alikuwa amenifungia ndani mwezi mzima. Jua nilikuwa nikilisikia kwa watu tu. Asubuhi na jioni nasingwa, nasuguliwa mwili mzima kwa liwa, ule mti wa kunukia unaosagwa, pamoja na karafuu na mawaridi, mpaka ngozi ikawa laini kama ya mtoto mchanga. Ndiyo desturi yetu. Mtu wa kwetu akimwona mwanamke anang'aa vile haulizi. Anajua huyu katoka ndani.

Alasiri ile likaja gari la sinema ya bure. Bure gani! Kabla ya sinema ilibidi tusikilize matangazo: sabuni, dawa ya kichwa, halafu krimu ya uso. Kijana wa mjini, tai shingoni na joto lote lile, alishika kipaza sauti akatuambia mwanamke wa nchi huru haifai atembee na uso wa jana. Sijui uso wa jana ndio upi! Akazungusha macho, yakanitua mimi, nimekaa mbele na mama mkwe. Akaniomba nisimame.

"Mwaona?" akawaambia watu. "Dada huyu anatumia krimu yetu. Uongo, dada?"

Krimu! Hata kopo lake nilikuwa sijapata kulishika. Lakini mama mkwe yuko ubavuni, wanaume wamejaa tele, na somo alikuwa amenionya mara mia: bi arusi hapandishi sauti mbele za watu, wala hamwaibishi mgeni. Nikainamisha kichwa.

"Ndiyo," nikasema.

Wanawake wa kwetu wakaangua kicheko, maana walijua vizuri kilichoning'arisha. Nikaketi nikidhani yamekwisha.

Kumbe nyuma ya umati alikuwepo shoga yangu. Alikuwa Mkristo wa bara, amehamia na mumewe kulima katika yale mashamba ya serikali waliyogawiwa watu, na tulizoeana kisimani tangu mwaka aliokuja. Mambo ya singo hakuyajua. Nilipofungiwa aliambiwa niko ndani, akadhani naumwa, masikini, akaniletea papai. Basi alipokuja kuniona tena, ndiyo nimesimama pale uwanjani, nang'aa, na kijana yule ananinadi.

Mumewe alikuwa amepata kazi Mombasa bandarini, na safari zake za nyumbani zilikuwa zikipungua. "Akija hanitazami," shoga yangu aliwahi kuniambia. "Anatazama chai." Alicheka aliposema hivyo, lakini mimi nilimwona kidevu kikitetemeka.

Siku ya tatu akaja kwangu na makopo mawili. Alikuwa ameuza kuku wake wa mayai.

"Shoga, na mimi nitang'aa kama wewe," akasema.

Hapo ndipo mahali pa kusema. Nilifungua kinywa, wallahi nilifungua. Nikamwona alivyofurahi, nikakifunga. Nikajiambia, mafuta ni mafuta tu, yatamdhuru nini?

Wiki za kwanza uso ulitakata kweli, watu wakamsifu, nami nikaanza kuamini labda kijana yule hakuwa mwongo. Lakini mimi nilikuwa nimekaa gizani mwezi mzima, na yeye alikuwa na pamba ya kupalilia, jua la saa sita likimpiga usoni. Kopo lilikuwa na picha ya mwanamke anayecheka. Habari za jua hakuambiwa na mtu. Ngozi ikawa nyekundu, ikawasha, ikaambuka, na ilipopona ikaacha mabaka meusi juu ya mashavu yote mawili. Mganga wa zahanati alimwambia azike makopo yale na asubiri. Mengine yatafifia, mengine hayatafifia. Mumewe akaja Krismasi. Akamtazama safari hii, tena sana, kisha akauliza, "Nani amekuunguza?"

Hakumtaja mtu.

Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kibaya kile kilitembezwa kwa gari, na mimi nikakipigia debe bila hata kuombwa mara mbili. Nilimlaani kijana wa tai mpaka nikachoka. Mwisho nikachukua kipande changu cha liwa na jiwe la kusagia, nikaenda kwake. Liwa ni baridi, huipoza ngozi. Nikamkalisha kivulini nyuma ya nyumba, nikasaga, nikaanza kumpaka shavu la kushoto.

"Shoga," nikasema, "mimi krimu ile sikuipaka hata siku moja. Nilisingwa. Nilikudanganya."

Alikuwa amefumba macho, na hakuyafumbua.

"Najua," akasema.

"Unajua tangu lini?"

"Tangu wiki ileile. Wale wanawake waliniambia kisimani. Walinicheka sana. Walisema wewe umetoka tu kufungiwa, krimu gani?"

"Sasa mbona ukapaka?"

Liwa ilikuwa imeanza kukauka kwenye vidole vyangu.

"Niligombana nao," akasema. "Mpaka ndoo yangu ikamwagika. Niliwaambia ninyi wote mna wivu, shoga yangu hawezi kusimama mbele ya watu aseme uongo. Nikaenda nyumbani, nikapaka."

Machozi yalinitoka yakadondokea jiwe. Naye akageuza uso taratibu, akaniletea shavu la pili.

"Paka na huku," akasema.