Njia ya Kwenda Ng'enda

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, miaka ya tisini ikianza, nilipochimba mashimo ya nguzo na kuvuta seng'enge kuifunga njia ya ng'ombe iliyopita katikati ya shamba letu. Mwanangu, nilikuwa nimetoka chuoni juzi tu, na hakuna mtu mwerevu kama aliyetoka chuoni juzi.

Kijiji chetu hiki cha Ng'enda, kati ya Sotik na Kaplong, ukikipita kwa gari hujui kama umekipita. Kilima kimoja, kijito chini yake, banda la kuuzia majani chai, basi. Ng'enda ni ule udongo wa chumvi ulioko bondeni, ambao ng'ombe huulamba na maziwa yakaongezeka. Watu walifika hapa wakifuata ng'ombe, na ng'ombe walifuata chumvi. Chai ilikuja baadaye sana, na hati za mashamba pia. Mpimaji alipochora ramani hakuitia ile njia. Labda siku hiyo hakuona ng'ombe akipita.

Mimi nikaishika ramani, nikaona shamba letu halina njia, nikapanda miche ya chai juu yake. Baba alikuwa ameshafariki, na wazee sikuwauliza. Kuuliza si ujinga, lakini ningeulizaje nami ndiye msomi?

Majirani hawakugombana nami. Walianza kuzunguka kwa chini, penye tope la kijito. Mvua ya kwanza iliponyesha, ng'ombe wa Mama Chebet, jirani yetu mjane, aliteleza pale akavunjika mguu. Ikabidi achinjwe. Mama Chebet alikuwa na huyo mmoja tu, na wajukuu wawili waliotegemea maziwa yake.

Kokwet, yaani baraza letu la majirani, likaketi nyasini kando ya banda la majani. Mzee Arap Rono, aliyekuwa mkubwa wa wote, akaomba ile ramani. Akaigeuzageuza, kisha akanirudishia.

"Kijana, hebu nionyeshe ng'enda iko wapi hapa."

"Haiko, mzee."

"Na mahali babu yako alilala siku ya kwanza, iko?"

Nikaikunja ile ramani.

"Alitoka huko Kapsoit na ndama moja, hajui mtu. Akafuata hiyo njia mpaka kwa chumvi, na hakuna mtu alimuuliza anaenda wapi. Hivyo ndio nyinyi mlikuwa watu wa hapa. Hii karatasi si ya uongo. Lakini ilikuja ikatupata sisi tuko."

Hakupaza sauti. Afadhali angenichapa. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Jioni hiyo niling'oa miche na nguzo kwa mikono yangu. Kesho yake nikampelekea Mama Chebet mtamba wangu bora. Alimpokea, akashukuru, akanipa hata kikombe cha chai ya rangi. Nikadhani yamekwisha.

Lakini kila wiki nilimwona akimshusha yule mtamba kwenye chumvi kupitia kule topeni, polepole, akimshika kamba. Nikamwendea nikamwomba apite kwetu.

"Nimezoea huku, mtoto wangu," akaniambia.

Alipita huko miaka yote hadi alipofariki. Njia niliifungua, ila yeye hakuikanyaga tena. Maji yakimwagika hayazoleki.

Basi, mwanangu, karibuni utakatiwa sehemu yako ya shamba. Kabla hujachimba shimo la kwanza, tembea na mzee mmoja mpaka hadi mpaka, umuulize ni nani hupita hapa, na tangu lini. Hati itakuambia shamba ni la nani. Haitakuambia ni nani waliowapokea wazee wenu walipokuja na ndama mmoja tu. Hayo utayapata kwa watu, nao hawaishi milele.

Mungu akubariki kwa ng'ombe wenye maziwa, na akupe majirani watakaokatiza shambani mwako bila kuomba ruhusa.