Jembe la Mahari Halijarudi, Ila Mama Mkwe Anataka Kurudi Kwao

Admin, nifichie jina langu, na la mume wangu usiliweke hata herufi ya kwanza. Huku kwetu Gungu watu wana simu nzuri na kazi kidogo.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na tatu, Muha wa Kalinzi. Naanika dagaa na kuwauza. Nilianza na chanja moja ya kuanikia, ya kuazima, kule Ilagala, leo ninazo kumi na nne, zote zangu, na hakuna mwanaume aliyenipigilia hata msumari mmoja. Nasema hivi mjue sijaja kuomba hela. Hesabu za biashara naziweza. Hii ya sasa imenishinda.

Mume wangu ni Mrundi. Alivuka na mama yake miaka ile ya ukimbizi, ufukwe ulipojaa watu, masufuria na magodoro. Alipotaka kunioa hakuwa na ng'ombe wala mjomba wa kumsemea. Mama yake akapanda mwenyewe mpaka Kalinzi, mkononi ana jembe, kitu pekee cha nyumbani kwake alichovuka nacho. Akalilaza mbele ya baba yangu akasema, "Sina kingine, mzee wangu. Ila hili limelima shamba la marehemu mume wangu."

Baba akalipokea. Kwetu jembe la mahari likishapokelewa umeolewa, na ndoa ikivunjika linarudishwa lilikotoka. Shangazi zangu walicheka mpaka machozi. "Wenzako wanatolewa ng'ombe, wewe umetolewa kutu!"

Mama mkwe ndiye aliyenifundisha kazi. Msimu wangu wa kwanza mvua ilitukuta dagaa wako chanjani, nusu wamekauka. Nikaanza kukimbia kama kichaa, nawazoa, nawasukumia kwenye magunia. Akanishika kanga kwa nyuma. "Hora, mukazana!" Kwao ndiyo nyamaza, mkwe wangu. "Wameshalowa hao. Ukiwafungia wanapata joto, kesho wote uvundo. Waache walivyo, tukae, jua likirudi tunawageuza." Tukakaa chini ya turubai tukiitazama mvua inavyotutia hasara. Nililia kwa hasira. Yeye anamenya muhogo. Jirani aliyekimbilia kuwafunga wake kwenye magunia alimwaga mzigo mzima ziwani. Sisi tuliuza, kwa bei ya chini, lakini tuliuza.

Amani iliporudi kwao mume wangu akasema anakwenda kuangalia shamba la baba yake, ndugu wasilichukue. Mwezi mmoja, alisema. Miezi minane simu haipatikani. Siku ilipopatikana, akapokea mwanamke. "Ni nani?" Nikamwambia mimi ni mke wa mwenye simu. Akacheka, hata si kwa ubaya. "Mke wake ni mimi. Wewe si ndiye yule wa Tanzania?"

Nilimkuta mama mkwe anageuza dagaa, nikamweleza. Nilitaka kuuza kila kitu, nipande gari, nikamvue yule mwanamke nguo sokoni kwao. Nilikuwa nimeshaanza kuwazoa dagaa wabichi, naapa. Akanishika kanga vilevile. "Hora. Leo mvua imekunyeshea wewe. Usifunge gunia." Tukakaa. Safari hii hakumenya kitu. Yule ni mwanawe.

Basi nilikubali, ndugu zangu. Si kwamba haikuniuma. Niliamka nikaanika, kesho nikaanika. Chanja tatu zikawa sita, sita zikawa kumi na nne. Watu wanasema nina moyo mgumu. Sina. Nilikuwa na mtu wa kukaa naye wakati mvua inanyesha, basi.

Sasa miguu ya mama mkwe imevimba, ngazi mbili anapumzika. Wiki iliyopita mume wangu akapiga. Hata salamu hakuna. "Namtaka mama yangu. Mimi na wewe tulishaachana, unamng'ang'ania mzee wa watu wa nini?" Mama mkwe akaninyang'anya simu.

"Mwanangu, jembe langu liko wapi?"

Hakungoja jibu, akaendelea.

"Nakuuliza. Liko Kalinzi kwa baba wa mkeo. Umelifuata? Limerudi? Basi huyu ni mkwe wangu. Hayo mengine ni ya kwako na huyo uliyemwokota." Akakata.

Nilicheka, nikamkumbatia. Nikadhani tumemaliza. Akanitoa mikono taratibu. "Lakini mukazana, nataka kwenda. Nataka kuzikwa pale alipolazwa mume wangu. Na usinipakie garini kama gunia, unipeleke wewe. Ukae, mpaka mwisho, wewe ndiye unioshe. Sitaki mikono ya yule mwanamke."

Nimepiga hesabu kila upande. Nikimpeleka, nitavuka mpaka wa Manyovu na kuingia nyumba ambayo mwenzangu ndiye mwenye funguo, nile chakula chake, nilale nikimsikia mume wangu anakohoa chumba cha pili, nisubiri mtu ninayempenda kuliko wote afe. Halafu nirudi Gungu peke yangu. Nikimkatalia, atafia hapa akitazama ng'ambo, na hatanilaumu, hilo ndilo linaniua zaidi. Dada yangu anasema, "Mpakie garini, mwanawe atampokea, wewe una deni gani?" Sina deni. Ndiyo maana inauma.

Jana mvua ilitukuta tena. Wasichana wangu wa kazi walianza kukimbia na magunia, nikawazuia. Nikaja kukaa na mama mkwe chini ya turubai. Akaniegemea begani. Amekuwa mwepesi sana. Nikamsubiri aniambie hora. Alikuwa ameshasinzia.

Ninyi mliowahi kumrudisha mzee kwao, au kuingia nyumba ya mke mwenza mkiwa na machozi, niambieni: nimpeleke mwenyewe? Nitawezaje kukaa mle ndani mpaka mwisho, na huyo wa kunishika kanga ndiye nitakayekuwa namuosha?