Mpira Uliorudishwa na Ukungu

Siku ile naikumbuka kwa ukungu wake, mwanangu. Nilikuwa mwanachuo wa ualimu huku juu milimani, nikichezea timu ya wasichana ya mpira wa kikapu. Usicheke! Miguu hii ninayoichua dawa kila asubuhi iliwahi kuruka.

Uwanja wetu ulikuwa ukingoni mwa mteremko. Mpira ukitoka, unabiringika mpaka kwenye migomba ya mama Nakundwa. Nakundwa alikuwa mwenzetu wa timu, na yeye ndiye aliyeufuata, maana ni kwao. Alikuwa akimwamkia mama yake na kurudi anatafuna muwa. Malaria ikamchukua wakati wa vuli. Tukazika, tukalia, matanga yakaanuliwa. Baada ya hapo hakuna aliyeteremka tena. Tulisema tunaogopa kumtonesha mama wa watu kidonda. Uongo mtupu! Tuliogopa macho yake.

Sasa sikia. Jioni moja mpira ukatoka, ukamezwa na ukungu. Tukabaki tunasukumana, nenda wewe, nenda wewe. Mara mpira ukapanda kutoka ukunguni, ukatua katikati ya uwanja. "Ni mama yake karusha," nikasema. Kesho yake vilevile. Tukaita, "Asante, mama!" Hata jani la mgomba halikutikisika. Mwenzetu mmoja akaapa kwamba mpira ulikuwa na joto, kama umetoka mikononi mwa mtu. Nikaushika. Ulikuwa na joto, mwanangu.

Halafu jioni moja haukurudi. Na chuo kizima mpira ni huo huo, mechi Jumamosi.

"Acha, Nanzia," nahodha akanishika mkono. "Ule si wetu tena."

"Kwani wa nani? Naufuata!" Nilikuwa na kichwa kigumu mimi, acha tu.

Nikateremka. Nyuma niliwasikia wenzangu wakiniita, kisha sikuwasikia. Mbele mpira ulikuwa unadundwa taratibu, kama na mtu anayemngoja mwenzake. Nilipofika uani ukanyamaza. Niliukuta umetulia kizingitini, mlango uko wazi, ndani hakuna moshi. Nikapiga hodi.

"Nani?"

"Shikamoo, mama. Ni Nanzia, niliyekuwa nacheza na Nakundwa."

Nikasikia kilio. "Marahaba, mwanangu. Jina hilo sijalisikia tangu tumzike. Watu wananiambia marehemu, marehemu, kana kwamba mtoto wangu hakupewa jina."

Alikuwa amelala kando ya jiko lililopoa, mguu umevimba, mwili unachemka. Alianguka shambani mwanzoni mwa wiki, akajikokota mpaka hapo. Hata kikombe hakuweza kukinyanyua.

"Nawasikia kila jioni," akasema. "Mpira unaingia uani, unaokotwa, unaondoka. Nikasema, hivi watoto hawa wanafika mpaka mlangoni wanashindwa hata kunisalimu?"

Nywele zilinisimama. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameteremka! Nikatoka nikipiga yowe, wenzangu wakateremka wote wakilia kwa hofu na aibu. Tukafunga kanga kwenye miti miwili kama machela, tukambeba mpaka zahanati. Mganga alituambia wazi kwamba tungechelewa kidogo tu, tungemzika. Alipona, Mungu mkubwa. Tangu hapo mpira ukitoka tuliufuata wenyewe, tukamwamkia, tukampelekea na kuni. Haukujirudisha tena.

Nani alikuwa anaurusha? Sijui, na kwa umri huu sitafuti kujua.

Ninalokuambia ni hili. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini mzazi hauwezi peke yake. Ninyi wa siku hizi mnaandika "pole sana" kwenye simu, basi, mmemaliza. Mmemaliza nini? Matanga yakianuliwa ndipo msiba unapoanza, wageni wameondoka na sufuria zao, nyumba imebaki na mtu mmoja. Nenda wakati huo. Piga hodi, keti, mwashie moto, umtaje aliyekufa kwa jina lake hata kama mama atalia. Mwache alie, analia na mtu. Kazi hiyo ni ya walio hai, mwanangu. Usiikimbie mpaka wafu waje kukufanyia.

Mungu akupe moyo wa kuingia nyumba iliyonyamaza, na siku yako ikifika, asikose mtu mlangoni pako. Amina.