Maziwa ya Ng'ambo ya Ua

Juzi binti yangu, anayesomea isimu chuoni, alinionyesha mzizi wa neno la kale ambao wataalamu wameuunda upya kwa kulinganisha lugha za leo. Alisema kutoka kwenye mzizi huo Wajaluo walipata chak na Wakipsigis chego, yote maana yake maziwa.

Nikakumbuka alasiri moja ya utotoni Kericho, tulikohamia kutoka Ujaluo. Mama alikuwa shambani akichuma majani ya chai, nami nilikaa peke yangu nyuma ya nyumba zetu za kampuni, harufu ya chai ikinijia kutoka kiwandani. Mama mzee mmoja Mkipsigis alikuja kwenye ua, akanipitishia kikombe cha maziwa yenye harufu ya moshi.

“Chego,” alisema.

Nilidhani anasema chak, kwamba ni Mjaluo mwenzetu, ila uzee umemharibia matamshi. Nikamweleza kwa lugha yetu kwamba sikuwa na wa kucheza naye, na kwamba nilitaka kurudi kwa nyanya. Aliitikia kwa kichwa, akanipangusa mdomo.

Jioni nilimwambia mama tuna ndugu ng'ambo ya ua. Alikuwa akivua buti.

“Huku hatuna ndugu,” alisema polepole. “Usiende tena.”

Kesho yake nilimsikia yule mama mzee akiita. Nilikaa ndani nikimsikiliza, mpaka akanyamaza.